Nyumba Nyuma ya Uwanja

Nilikwenda kumzika mkuu wetu wa chuo kwa sababu nilitaka kuhakikisha amekufa. Nilimnong'oneza Penina hivyo tukiwa tumeketi kwenye viti vya plastiki chini ya hema, huko Kasipul, nje kidogo ya Oyugis, naye akanifinya paja na kuniambia kwamba bibi wa umri wangu hapaswi kuwa na ulimi kama huo. Penina tulilala chumba kimoja chuoni, kwa hiyo ana haki ya kunifinya. Tulikuwa tumetulia vizuri tu, wasemaji wakipokezana kipaza sauti, mpaka mmoja wao, mzee nadhifu aliyesoma darasa la nyuma yetu, aliposema kwamba marehemu aliongoza chuo bila doa, na kwamba pale mwalimu mmoja wa michezo alipopotoka na kuwatendea watoto maovu, marehemu ndiye aliyesimama imara akamfichua. Watu walipiga makofi. Mimi nilicheka, tena kwa sauti, na vichwa vikageuka. Baadaye, kwenye foleni ya chakula, wazee wenzangu walinijia mmoja mmoja, wengine na mikongojo yao, wakanishika mkono na kuniambia, bila mimi kuuliza chochote, "Sisi hatukujua, dada." Nikawatazama nyuso. Mtu ambaye hakujua jambo, mbona analikumbuka vizuri hivyo? Nilikula wali na nyama yao nikiwashuku wote, pamoja na yule aliyepakua.

Mimi ni mtu wa kushuku, sioni haya kusema. Wajukuu wangu hunicheka kwa sababu simruhusu mtoto kwenda kulala popote mpaka nijue nani mwingine analala huko na ufunguo anao nani. Sikuzaliwa hivyo. Nilifanywa hivyo na mwaka mmoja, wa pili baada ya Uhuru, nilipokuwa mwanachuo katika chuo cha ualimu kilichokaa juu ya kilima upande wa Homa Bay, mahali ambapo ukisimama jikoni unaliona ziwa na ukisimama nyuma ya vyoo unaiona njia ya kwenda Migori. Habari za wazazi wangu na jinsi nilivyofika pale nitaziacha, hazihusiki. Kinachohusika ni kwamba padri Mzungu alikuwa ametoka tu kukabidhi funguo kwa mkuu wa kwanza Mwafrika, mtu mrefu, mpole, mwenye suti ya kijivu iliyopigwa pasi kila siku, na sote tulitembea kama watu waliobeba mayai. Tuliambiwa asubuhi, tukaambiwa tena jioni, kwamba wako watu wanaongoja tuanguke ili waseme Mwafrika hawezi. Basi sahani ikivunjika jikoni, vipande vilizikwa. Msichana akipata mimba, aliugua malaria akaenda nyumbani. Nami nilidhani huko ndiko kulinda heshima.

Jambo lililotutunisha vifua lilikuwa michezo. Mwalimu wa michezo, Bwana Obuya, alikuwa amewahi kukimbia Nairobi na Kampala, na wanaume walimsalimia kwa kumpiga bega kana kwamba mbio zake zingewaambukiza. Alikuwa rika la baba zetu wadogo, mcheshi, mtu wa kulijua jina la mama yako na rangi ya ng'ombe wenu. Mkewe alibaki kwao, kisiwani Rusinga. Hakutosheka na wanachuo. Alizunguka shule za msingi kutoka Lambwe mpaka mpakani akitafuta watoto wenye miguu, akawaleta kwenye shule ya msingi iliyokuwa ndani ya boma la chuo, ile tuliyofanyia mazoezi ya kufundisha. Asubuhi walisoma, jioni walikimbia pamoja na wanachuo ili wakue ndani ya mchezo. Na ili wasihangaike, alitengeneza karakana ya zamani ya seremala, nyuma ya uwanja, akaweka vitanda vyao na kitanda chake mwenyewe. Nyumba hiyo akaiita simba.

Kwa msomaji asiye wa kwetu nieleze. Kwa Wajaluo, kijana wa kiume akianza kupevuka hatoki tu nyumba ya mama yake. Hujijengea nyumba yake karibu na lango la boma, na nyumba hiyo ndiyo simba. Wadogo zake huhamia humo, wenzake wakija kumtembelea hulala humo, na mambo ya humo ni yao. Mwanamke mwenye heshima zake hachungulii simba. Hata mama akitaka kumwita mwanawe husimama mbali akapaza sauti. Kwa hiyo Bwana Obuya aliposema watoto wanalala simba, hakuna mzazi aliyeuliza swali la pili. Baba zao walitikisa vichwa kwa kuridhika, wakasema mwalimu huyu hajasahau mila. Lile neno lilitufunga macho sote, nami nikiwemo, ingawa nilikuwa nimelelewa katika boma lenye simba nne na nilijua kanuni zake zote.

Nilikuwa kapteni wa netiboli, na kwa kuwa nilikuwa na jicho la haraka, Bwana Obuya alinipa saa ya kupimia wakimbiaji. Ndivyo nilivyomfahamu Marwa. Alikuwa Mkuria wa darasa la tano, mwembamba, mwenye pengo la jino la mbele, na alikuwa akiwapita wanachuo wenye ndevu. Hakujua Kijaluo hata cha kuombea maji, na watoto wenzake walimcheka kwa hilo. Mimi na yeye tulielewana kwa Kiswahili, changu cha soko la Homa Bay, chake cha maduka ya mpakani, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuongea naye, alikuwa akinisimulia mambo ya ng'ombe wao mpaka kengele inalia. Kisha, muhula wa pili, aliacha kusimulia.

Siku moja baada ya chakula cha mchana nilikwenda stoo ya michezo kuchukua mpira. Ninaikumbuka stoo ile kuliko chumba nilicholala: chokaa ya kuchorea uwanja kwenye madebe, viatu vya miiba vinavyoning'inia kwa kamba zake, kidirisha kimoja kilichozibwa kwa gunia. Mlango haukuwa na kufuli, lakini ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikagonga. Kukawa kimya, kile kimya cha watu waliomo. Nikagonga tena, mara Bwana Obuya akafungua huku akijifuta mikono kwa taulo, harufu ya dawa ya misuli ikatoka pamoja naye. "Aa, kapteni! Namkanda huyu kijana wetu, msuli umekaza." Alitabasamu vizuri kabisa. Marwa alikuwa nyuma yake, ameuelekea ukuta, akijifunga kaptura. Alinipita bila salamu, yeye ambaye alikuwa akinisalimu hata akiwa ng'ambo ya uwanja, akaenda kwenye tangi la maji. Pale aliosha mapaja yake, akachota mchanga akayasugua, akaosha tena. Nilisimama na mpira mkononi nikimtazama, na Bwana Obuya alisimama mlangoni akinitazama mimi.

Hicho ndicho nilichokiona. Sikuona zaidi ya hapo, na nalisema wazi kwa sababu baadaye wako waliotaka niseme niliona zaidi, na wako waliotaka niseme sikuona hata hicho. Tangu siku ile nilianza kumchunguza kila mtu. Nilitazama nani anapewa glukosi na nani anapewa jezi mpya. Nilitazama ni watoto gani wanaokaa mbali na mwalimu wakati wa uji, na ni yupi anayeitwa akae karibu. Nilijichunguza hata mimi: labda nina wivu, labda nina akili chafu, msichana gani wa Kikristo huwaza mambo kama haya? Na nilimtazama Marwa akianza kushindwa. Alikuwa akitoka vizuri, anaongoza, kisha kwenye kona ya mwisho anapunguza, anapitwa na watoto waliokuwa wakila vumbi lake mwezi uliopita. Wenzangu walisema amelewa sifa, Wakuria wana kiburi. Lakini akitumwa jikoni kuleta maji, nilimwona akipanda kile kilima kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Miguu ilikuwa mizima. Nilishindwa kuelewa mtoto hodari anataka nini kwa kushindwa.

Wa kwanza niliyemwambia alikuwa matroni wetu, Mama Damari. Alikuwa na sebule ndogo yenye vitambaa vya kufuma juu ya kila kitu kisichotembea, na alinipokea kwa chai ya maziwa na nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ambayo alijua nayapenda. Aliendelea kutafuna muda wote nilipokuwa nikieleza. Nilipomaliza aliweka kikombe chini. "Nyathina," akaniambia, mwanangu, kwa sauti ya upole, "mwanamke anatafuta nini simba?" Nikamwambia sikutafuta, niliona, tena stoo na siyo simba. "Uliona mtu akimkanda mtoto. Hata mimi goti langu alinipa dawa yake." Kisha akainama karibu, macho yakimetameta kwa udaku. "Niambie ukweli. Ulimtaka akakukataa?" Chai ilinipalia. Alinipiga mgongo, akanipa kitambaa, na wakati natoka akanishika mkono mlangoni. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Kama una mzigo, mpelekee mkuu," alisema. "Lakini usiseme nimekutuma." Basi nikajua kwamba naye anashuku, na pengine alianza kushuku kabla yangu.

Mkuu alinikaribisha nyumbani kwake Jumapili baada ya ibada. Kulikuwa na kuku, kuon, yaani ugali, wa wimbi, na mboga chungu ya mitoo iliyolala kwenye maziwa, chakula cha kumfanya mwanachuo asahau alichokuja kufanya. Alimtazama mkewe mara moja tu, na mama yule akawakusanya watoto wakatoka. Nilieleza nikiangalia sahani. Hakunikatiza hata mara moja. Akanawa mikono, akaifuta kidole kwa kidole. "Una ushahidi?" "Sina, mwalimu. Nina shaka." "Shaka si kitu cha kumpelekea mtu kizimbani." "Sijasema kizimbani. Naomba mtoto ahamie bwenini alale na wenzake, na mwalimu alale kwake." Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali. Kisha akahamia Kiingereza, kama alivyofanya alipotaka kufunga jambo, akasema kwamba nimetimiza wajibu wangu, nimemwambia anayehusika, na tangu sasa jambo hili si langu tena. Nataka mnielewe: niliposikia hivyo nilifurahi. Nilitoka pale mwepesi, nikateremka kilima nikiimba. Nilikuwa nimemwambia mkubwa, na mkubwa alikuwa na suti.

Wiki ile kulitolewa tangazo kwenye gwaride la asubuhi. Stoo ya michezo itafungwa kwa kufuli, na wasichana hawaruhusiwi tena kuingia humo. Vifaa vyao vitaletwa uwanjani. Ndilo jibu nililopata. Walikuwa wamemzuia aliyeona. Marwa aliendelea kulala kule kule nyuma ya uwanja, na Bwana Obuya aliendelea kunisalimu, tena kwa uchangamfu zaidi. Jioni moja akaniletea ngege wabichi, samaki wanene waliotoka ziwani asubuhi ile, wamefungwa kwenye jani la mgomba. "Kapteni wetu amekonda," alisema. "Mambo mengi kichwani." Nilimwambia Penina awatupe. Penina, ambaye siku zote tumbo lake lina msimamo wake, aliwakaanga akawala wote, akaniambia samaki hawana kosa. Nilikaa kitandani nikinusa mafuta, nikijiuliza mkuu alimwambia nini mtu huyu, na alimwambia nani amesema. Nilianza kuweka kiti nyuma ya mlango nikilala.

Nimefikiria sana kuhusu ile sentensi, kwamba jambo si langu tena. Nilifundisha miaka mingi hata hivyo, baada ya cheti changu kucheleweshwa kwa visingizio vya kila namna, na nimekaa kwenye kamati za shule zaidi ya ninavyoweza kuzihesabu. Kila mahali nimeikuta sentensi ileile imevaa nguo tofauti. Umeshasema, sasa tulia. Tumelipokea. Linashughulikiwa. Inakuja na chai, inakuja na shukrani, na inakupa ruhusa ya kulala usingizi. Siku hizi mtu akiniambia jambo linashughulikiwa namuuliza hivi: mtoto amelala wapi leo? Wengi hukasirika. Mkuu wetu hakuwa mtu mwovu, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Alikuwa mtu mwema aliyeogopa kuchekwa na Wazungu, na kwa hofu hiyo alikuwa tayari kumwacha mtoto wa mtu alipe.

Muhula ulipokaribia kwisha nilikuwa jikoni nikingoja maji ya moto. Upande wa pili wa ukuta, kwenye kibaraza ambako walimu walinywa chai, nikasikia sauti ya Bwana Obuya akimweleza Mama Damari mipango yake ya likizo. Atakwenda Rusinga, alisema, na atamchukua yule Mkuria akakimbie kwenye mchanga wa ufuoni, maana amelegea. Likizo nzima. Mkuu amekubali. "Na mama yake?" matroni akauliza. "Yuko huko kwao na tumbaku zake. Atajua nini?" Nilisikia kijiko cha matroni kikizunguka kwenye kikombe, kikazunguka muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji.

Nilimkuta Marwa nyuma ya madarasa akichonga kijiti. Nikakaa chini, mbali kidogo. "Marwa, wewe unataka kwenda Rusinga?" Akatikisa kichwa, hapana. "Na mbona unashindwa na hawa watoto? Mimi nashika saa, mimi naona." Alichonga kwa muda. "Mimi nataka nishindwe kabisa," alisema. "Ukishindwa sana wanakurudisha nyumbani." Nikamwambia hilo ni kweli, mkimbiaji asiyekimbia hurudishwa. "Mimi hapana," akasema. "Mwalimu anasema nikishindwa ni msuli tu. Anasema atanikanda tena." Nilimuuliza tu mama yake huuza tumbaku soko gani, akaniambia Migori, siku ya soko utamwona, ana kovu kwenye kidevu. Nilimwambia nakwenda kuongea naye. Kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze akanitazama usoni, nami sikuona furaha pale. Alinitazama kama mtu aliyewahi kuahidiwa mambo.

Siku ya soko niliondoka bila ruhusa, kosa la kufukuzwa chuo, nikafika Migori watu wakiwa wamejaa mpaka barabarani. Mama Marwa alikuwa amekaa kwenye gunia, majani ya tumbaku yamepangwa mbele yake, na kovu lilikuwa pale pale kwenye kidevu. Nilijitambulisha. Alinipisha nafasi kwenye gunia na kunipa ndizi, kisha akaendelea kuuza huku akinisikiliza. Hatukuwa na lugha nyingine ila Kiswahili, na Kiswahili changu hakikuwa na vichaka vya kujificha. Kwa Kijaluo ningeweza kusema mambo yale kwa kuzunguka, hata yasisikike. Pale ilinibidi niyataje moja moja.

"Mtoto analala wapi?" aliniuliza.

"Analala nyumba ya vijana. Sisi Wajaluo tunaita simba."

"Hiyo ni nini?"

"Ni nyumba ya vijana ambao hawajaoa. Ni heshima. Mama haingii. Hata baba ya huyo kijana haingii kulala."

"Baba haingii?"

"Haiwezekani. Mtu mzima wa rika la baba hawezi kulala huko. Ni mwiko."

"Na huyu mwalimu, yeye analala wapi?"

Nilibaki na ndizi mdomoni. Nilikuwa nimeyasema kwa ulimi wangu mwenyewe na ndipo nikayasikia. Hakuna simba duniani ambamo mzee wa umri ule huweka kitanda. Kila baba aliyekuja pale chuoni kumtazama mwanawe alijua hivyo, mkuu alijua, matroni alijua, mimi nilijua tangu utotoni. Na bado mtu mmoja aliipachika nyumba yake jina lile, na sote tukaipa heshima ya jina na kusahau katazo lake. Mama Marwa alikuwa amekusanya majani yake tayari. "Kwetu mtoto hajatahiriwa, bado ni mtoto wa nyumba ya mama yake," alisema. "Mimi niliambiwa analala bwenini, na watoto wengi." Akafunga gunia, na mteja aliyekuja kuulizia bei akaambiwa aende zake. Hakuniuliza kama nina ushahidi.

Alikuja chuoni wiki ile ile ya kufunga, pamoja na shemeji yake aliyeshika fimbo ya kuchungia. Walituingilia uwanjani jioni, tukiwa mazoezini, na kwa bahati mkuu naye alikuwepo, amesimama na Bwana Obuya wakitazama mbio. Marwa alimwona mama yake kutoka upande wa pili. Akakatiza katikati ya uwanja, na hizo ndizo mbio za mwisho nilizomwona akikimbia, wala sikubonyeza saa. "Nimekuja kuchukua mtoto," mama alisema. Mkuu akamkaribisha ofisini waongee taratibu. "Ofisi hapana, mwalimu. Mtoto ni huyu na njia ni ile." Bwana Obuya akacheka kidogo, akasema mama amedanganywa na watu wenye wivu, kijana huyu ana bahati kubwa mbele yake. Mama Marwa hakumtazama kabisa. Aliendelea kumtazama mkuu, na mkuu akageuza uso kwetu, akauliza kwa Kijaluo, ili yule mama asielewe, "Nani kati yenu amempelekea huyu maneno?"

Nilimwona Penina akitazama viatu vyake. Nilimwona matroni kwenye kibaraza, mkono mdomoni. Nilijibu kwa Kiswahili, ili yule mama aelewe. "Ni mimi, mwalimu. Nilikuambia wewe kwanza." Mkuu aliniambia nikafunge mizigo yangu, naye ataongea na Bwana Obuya baadaye, faraghani, kama watu wazima. Moyoni nilikuwa na amani, nisifiche. Nilidhani nimemaliza. Mtoto ametoka, mama amekuja, mimi nafukuzwa kwa haki. Nilijiona shujaa kabisa. Nikawasindikiza mpaka njia panda, na hapo Marwa akanivuta nguo. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayenikumbusha kazi niliyoisahau. "Mwalimu, leo kitanda changu atalala Odongo."

Odongo alikuwa mtoto wa Lambwe, mdogo kuliko Marwa, aliyeletwa juzijuzi. Alikuwa bado analia wakati wa uji. Nilisimama pale njia panda nikiwatazama wale watatu wakiondoka, kisha nikatazama nyuma kilimani. Mizigo yangu ilikuwa kule, Penina alikuwa kule, na jua lilikuwa limeanza kulielekea ziwa. Sikupanda kilima. Niliteremka Homa Bay nikiwa na sare yangu ya netiboli, saa ya mwalimu bado imening'inia shingoni, mpaka kituo cha polisi.

Koplo wa zamu alikuwa Mkamba, mtu mnene, amechoka, anakula muhogo wa kuchemsha kwenye karatasi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, stoo, tangi la maji, mbio za kushindwa, Rusinga, na mimi nilivyofukuzwa. Alinisikiliza bila kuacha kutafuna.

"Huyu Odongo ni ndugu yako?"

"Hapana."

"Mtoto wa ndugu? Jirani? Mtu wa ukoo?"

"Hapana, afande."

"Yeye mwenyewe amekuambia kitu?"

"Hajaniambia kitu."

"Sasa wewe ni nani kwake?"

"Si mtu wangu," nikasema. "Lakini jua likizama ataambiwa akalale kule."

Koplo alitazama dirishani kuona jua liko wapi. Kisha akafunga muhogo wake kwenye karatasi, akainuka, akachukua kofia.